Imeungwa na nini? Mwongozo kamili wa kula nje Kigoma bila kitu cha mnyama

Wageni wakisikia naishi Kigoma na sili samaki, hucheka kwanza, kisha huuliza: "Sasa unakula nini?" Nawaelewa. Kigoma ni dagaa, Kigoma ni migebuka, Kigoma ni kuhe wa kuchoma. Hata basi likiondoka hapa kwenda Dar es Salaam, buti lake linanuka zawadi za watu.

Ila mkoa huuhuu ndio wa mawese. Ndio wa maharage ya Kasulu na Kibondo, wa muhogo, wa ndizi, wa karanga. Mtu asiyekula kitu chochote cha mnyama, yaani nyama, kuku, samaki, mayai, maziwa, samli wala asali, yule ambaye vijana wa siku hizi humwita vegani, hawezi kulala njaa hapa. Kazi yake ni nyingine. Chakula chake kipo, tena cha bei ya chini kuliko vyote vilivyoandikwa ubaoni, lakini mara nyingi kimeshatiwa kitu ambacho mpishi hakihesabu.

Ndugu yangu mmoja aliwahi kunisimulia habari za Walt Disney World, ile bustani kubwa ya michezo kule Florida, Marekani. Tangu mwaka 2019 migahawa yao huweka alama ya jani la kijani kwenye menyu mbele ya kila chakula kisicho na kitu cha mnyama. Unaona jani, unaagiza, unarudi kwenye bembea. Kwetu menyu ni ubao na chaki, na mara nyingine ubao wenyewe ni wa juzi. Kwa hiyo huku inabidi uulize, na kuuliza kuna namna yake. Yafuatayo ni yale niliyojifunza kwa miaka saba ya kula Mwanga, Ujiji, Kibirizi na safarini, mengine kwa kukosea.

Hatua ya kwanza: rekebisha maneno yako

Kosa langu la kwanza lilitokea wiki ileile niliyoacha nyama. Niliingia mgahawa mmoja mjini nikasema, "Dada, mimi sili nyama." Akanijibu kwa furaha, "Hamna shida kaka, leo kuna mgebuka mkubwa." Hakukosea yeye. Kwa Kiswahili cha mgahawani, nyama ni ng'ombe au mbuzi. Kuku ni kuku. Samaki ni samaki. Na dagaa, hili lishike sana, dagaa si samaki. Nenda sokoni ukaulize samaki uone kama utaonyeshwa fungu la dagaa. Ni meza nyingine na muuzaji mwingine.

Basi nikajirekebisha. Siku ya pili nikasema, "Nataka mboga tu." Nikaletewa ugali na dagaa. Hapo pia kosa lilikuwa langu, kwa sababu mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. "Leo mboga gani?" ni swali ambalo jibu lake laweza kuwa maini. Unachokitaka wewe kinaitwa mboga za majani, au majani tu, na hata hapo bado hujafika.

Sentensi inayofanya kazi ni ndefu kidogo, lakini ukiizoea inatoka kama salamu:

"Shikamoo mama. Mimi sili nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai wala maziwa. Una nini leo nitakachoweza kula?"

Taja vyote sita. Usimwachie mtu kazi ya kukisia. Na usianze na orodha kabla ya salamu. Mama aliyeamka saa kumi usiku kuwasha mkaa hawezi kufurahia mtu anayeingia na masharti mdomoni. Ukiweza "Mwakeye" ya asubuhi, ile salamu ya Kiha, umeshapata nusu ya unachotaka. Shikamoo kwa mkubwa, habari za kazi kwa rika lako, halafu ndiyo shida yako.

Akikuuliza kwa nini, na atakuuliza, jibu fupi ndilo zuri. Mimi husema "ni mwiko kwangu", basi. Kila mtu hapa ana ukoo wenye mwiko fulani, na neno hilo haliombewi maelezo. Wengine watakuuliza kama wewe ni Msabato, kwa kuwa Wasabato wengine hawali nyama kabisa na wapishi wengi wamewahi kuwahudumia. Kama si wewe, sema si wewe. Usidanganye kwamba una mzio. Mzio ni jambo la hospitali, na mtu akisema ana mzio wa samaki halafu akaonekana anakula maharage yaliyochotwa kwa upawa wa samaki, anayeumia ni yule mwenye mzio wa kweli atakayekuja kesho asiaminiwe.

Hatua ya pili: uliza kimeungwa na nini

Kama huna muda wa kusoma mwongozo wote, soma hapa.

Ukimuuliza mpishi "Kuna nyama humu?" atasema hapana, na atakuwa mkweli. Swali linalofungua sufuria ni hili: "Mama, umeyaunga na nini?" Kuunga ndipo kila kitu kinapotokea. Maharage yakichemshwa na chumvi ni maharage. Yakiungwa ndipo kinaingia kitunguu, nyanya, karoti, mafuta, na wakati mwingine samli, maziwa, kijiko cha supu ya jana, au unga wa kiungo cha mchuzi wa dukani. Mpishi huona fahari kueleza alivyounga. Hajisikii anahojiwa, anajisikia anasifiwa. Atakuhesabia kila kitu hadi pilipili manga.

Ukisikia mafuta, kitunguu, nyanya, hoho, karanga, nazi au mawese, kaa ule. Mawese hasa usiyaogope kwa sababu ya wekundu wake. Ni mafuta ya tunda la mchikichi, hayana mnyama ndani, na huo wekundu ndio ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Maharage ya mawese na ugali wa muhogo ni chakula ambacho mgeni wa pwani huja akikidharau na kuondoka akikiulizia. Huku karanga na mawese hufanya kazi ambayo pwani hufanywa na nazi.

Ukisikia "kiungo", uliza pakiti. Zile pakiti za unga wa mchuzi nyingine zina ladha ya nyama au kuku, na ladha hiyo mara inatokana na nyama yenyewe, mara haitokani. Maandishi ya nyuma ndiyo yanayosema. Mimi nikiwa na haraka, pakiti ikiwa na ng'ombe au kuku juu yake, natafuta sufuria nyingine.

Sasa sufuria moja moja.

Maharage ni rafiki yako mkubwa. Mengi ya mama lishe huungwa kwa kitunguu, nyanya na mafuta. Uliza tu samli.

Kisamvu ndicho mtego. Nakipenda kuliko mboga zote, na ndicho kimenitia hasara mara nyingi. Majani ya muhogo hutwangwa, yakachemshwa muda mrefu kutoa sumu yake, kisha yakatiwa karanga au mawese. Mpaka hapo ni chakula cha peponi. Lakini Kigoma watu wengi huona kisamvu bila dagaa hakijakamilika. Dagaa wanatiwa mwishoni, wachache, wamepondeka, huwaoni. Ukiuliza "Kuna samaki?" jibu ni hapana. Ukiuliza "Kuna dagaa?" jibu ni "Kidogo tu, wa harufu." Mwaka wa kwanza nilimaliza sahani nzima ya kisamvu nikimsifu mpishi kwa kitu fulani kitamu nisichokijua jina. Alinitajia jina.

Matembele na mchicha vina hatari hiyohiyo ila kidogo, kwa sababu hupikwa haraka na mara nyingi hukaangwa kwa kitunguu tu. Ukiona vimepauka na mchuzi mweupe, uliza maziwa.

Ugali hauna neno, uwe wa mahindi, wa muhogo au mchanganyiko. Wali mweupe uliza kama umetiwa samli au siagi. Pilau sahau, hata ile inayoitwa pilau ya njegere, maana mara nyingi imepikwa kwa supu. Ndizi za kupika zinategemea: ukikuta za nyama au utumbo, hakuna kutoa nyama pembeni, mchuzi ndio umeshaingia. Lakini ndizi na maharage katika sufuria moja, zikiungwa kwa mawese, ni karamu. Makande mazuri ni ya mahindi, maharage na karanga. Wengine huyamalizia kwa maziwa, na hapo unayaaga.

Chipsi ni suala la karai. Viazi ni viazi, lakini kama mafuta yale yamekaanga kuku tangu asubuhi, utaamua mwenyewe. Wapo wenzangu wasiojali. Mimi hukataa, na sababu yangu wala si ya kiroho, ni harufu. Chipsi za saa tano asubuhi, karai likiwa jipya, ndizo nzuri kwa kila mtu.

Hatua ya tatu: jua saa

Vyakula vya mchana vya mama lishe huiva kuanzia saa tano na nusu. Kufikia saa nane maharage yamekwisha, kwa sababu ndiyo chakula cha watu wenye haraka na hela kidogo, na kilichobaki ni nyama ngumu na mchuzi. Mla mimea anayefika saa tisa hana haki ya kulalamika.

Faida ya kuwahi si kukuta chakula tu. Ni kukuta chakula kabla hakijaungwa. Njia yangu ni hii: napita asubuhi nikienda kazini, namsalimia mama, namwomba aniwekee kisamvu changu pembeni kabla hajatia dagaa. Bakuli moja, lifunikwe. Hamwongezei kazi kubwa, ni kuchota tu mapema. Nalipa hapohapo, kwa sababu ahadi ya "nitakuja" wameisikia wengi. Baada ya wiki mbili hutaomba tena. Utakuta bakuli lako linakusubiri, na siku usipokwenda utapigiwa simu.

Mgeni wa siku mbili naye anaweza kufanya hivyo. Jioni ya siku unayofika, zunguka jirani na unapolala, chagua mama mmoja, zungumza naye ya kesho. Mahali pamoja panapokujua hukulisha vizuri kuliko mahali kumi unapojieleza upya.

Nikuibie siri ya ziwa hapohapo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, kwa hiyo siku za mbalamwezi dagaa huadimika na bei hupanda. Wapishi huwabania. Mwaka 2024 nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Watu walinuna, na walikuwa na haki ya kununa, maana ni riziki. Mimi nilinyamaza kwa adabu nikala kisamvu safi kila siku bila kuomba.

Hatua ya nne: asubuhi na vitafunwa

Chai omba ya rangi, au sema strungi. Ukisema "chai" tu, kuna sehemu utaletewa ya maziwa bila swali. Sokoni na vijiweni kahawa ni chungu, haina maziwa, na kashata zinazoambatana nayo za karanga na sukari hazina tatizo.

Vitumbua ni mchele, sukari, hamira, hiliki na tui au maji. Vingi vinalika. Bagia za kunde au dengu na kachori za viazi ni zako, ukishajiridhisha na karai. Chapati uliza siagi na maziwa. Mandazi ndiyo yenye utata zaidi: ya barabarani ya bei rahisi mara nyingi ni unga, sukari, hamira na maji, ila yale laini ya nyumbani, ambayo watu huyasifia, yana maziwa na yai. Sheria yangu ya kijinga ambayo haijaniangusha sana ni kwamba andazi gumu ni langu.

Uji unahitaji tahadhari moja kubwa. Unga wa lishe, ule wanaopewa watoto na wagonjwa, huchanganywa nafaka, soya, karanga, na mara nyingi dagaa waliosagwa. Ukiona uji wa lishe unauzwa asubuhi, usinywe kabla ya kuuliza waliosaga nini. Uji wa ulezi au wa mahindi matupu, wenye ndimu, hauna neno, ila waambie wasiumalizie kwa siagi.

Mihogo ya kuchemsha na kachumbari, mihogo ya kukaanga, viazi vitamu, mahindi ya kuchoma ya chumvi na ndimu, karanga, ndizi mbivu, maembe ya msimu: hivi vyote havina la kuuliza. Siku ikiharibika kabisa, mji huu utakulisha kwa mihogo na karanga hadi usiku, na kachumbari juu.

Juisi ya parachichi uliza maziwa. Ya miwa haina shida.

Hatua ya tano: hoteli zenye menyu

Hapa nitapita haraka kwa sababu sipendi kula huko. Hoteli za ufukweni na zile za wageni wa mikutano zina menyu za kuchapwa, na kila menyu ina kitu kinachoitwa mchuzi wa mboga. Usiagize kwa mhudumu kisha ukaridhika. Mwombe kwa heshima umwone mpishi, au amfikishie swali: mafuta gani, siagi ipo, supu ya kuku ipo. Kwenye bafe, mboga mchanganyiko zinazong'aa zimepita kwenye siagi. Supu ya maboga au karoti ina krimu hadi uambiwe vinginevyo. Ukiagiza wali, maharage na mchicha wa kukaangwa kwa mafuta ya alizeti, utaletewa baada ya saa nzima na utalipa kama aliyekula mbuzi. Uliza bei ya sahani yako kabla, kwa sababu haimo kwenye menyu na mwenye hoteli ataitunga akikutazama viatu.

Hatua ya sita: matembezi

Ujiji. Watu huenda kuona kumbukumbu ya Dk. Livingstone, mahali ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871 chini ya mwembe. Ujiji ni mji wa zamani wa misafara iliyotoka Bagamoyo, una Uswahili wake, na vitafunwa vyake vya asubuhi ni vizuri kuliko vya mjini. Nenda mapema, kula vitumbua na bagia kwanza, kisha ndiyo makumbusho. Mwezi wa Ramadhani usitegemee kula mchana, vibanda vingi vimefungwa na si adabu kutafuna barabarani. Lakini jioni ya futari ni neema kwako: mihogo, viazi, magimbi, maharage, ndizi, vyote mezani. Tambi tu uliza maziwa, na uji uliza siagi.

Gombe, hifadhi ya sokwe. Hapa ndipo watu wanaponiuliza zaidi, kwa sababu ukishapanda mtumbwi wa injini pale Kibirizi na kuelekea kaskazini, hakuna genge njiani. Hifadhini kuna mahali pa kulala na chakula huweza kuandaliwa, lakini usiende ukitumaini kwamba kuna maharage yanakusubiri. Ukiwa umepanga kupitia ofisi ya hifadhi au mwongoza wageni, mtumie ujumbe ulioandika vyote sita, nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, tena siku mbili kabla, kwa sababu vyakula hununuliwa mjini na kupelekwa kwa boti. Chef wa kule hana duka la jirani la kukimbilia.

Hata ukijibiwa "sawa", funga chakula chako. Mimi hubeba chapati za maji, viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga, ndizi mbivu chache na hotpoti ya maharage makavu yaliyokaushwa mchuzi. Mchuzi kwenye boti ni kutafuta fedheha. Chombo kiwe na mfuniko unaofunga kweli, kisha kiwe ndani ya begi, na begi lifungwe zipu. Nyani wa Gombe wamezoea binadamu kuliko binadamu anavyopenda, na mtu aliyekaa ufukweni akimenya ndizi huachiwa ganda. Kula ndani ya nyumba. Msituni usibebe chakula cha kula njiani, usitupe hata ganda la karanga. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu kirahisi, na tulichokitafuna ni njia mojawapo. Zamani watafiti wenyewe waliwawekea sokwe ndizi kambini ili wawazoee, desturi ambayo baadaye iliachwa.

Nacheka kila nikipeleka huko mgeni asiyekula nyama. Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika Gombe mwaka 1960, na miongoni mwa mambo aliyoyaona yaliyoshangaza dunia ni kwamba sokwe huwinda na kula nyama, hasa mbega wekundu. Kabla yake wengi waliwadhania wala matunda tu. Yeye mwenyewe aliacha nyama baadaye, na hadi anafariki mwaka 2025 alikuwa hali kitu cha mnyama. Kwa hiyo katika msitu ule, aliyebaki na matunda ni mama yule, si sokwe.

Treni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na biashara ya chakula dirishani inaonekana kwangu kama ilizaliwa siku hiyohiyo. Behewa la chakula lina wali au ugali na kuku, nyama au maharage. Agiza maharage mapema, kabla ya abiria wa daraja la tatu kuyamaliza. Dirishani nunua kwa macho: karanga, mihogo, mahindi, ndizi, machungwa. Nguruka utaletewa samaki mpaka usoni, tikisa kichwa tu kwa tabasamu. Uvinza wana chumvi yao ya tangu enzi, na mahindi ya kuchoma yanaipenda. Ukifika Tabora utauziwa asali ya miombo, ambayo kwa wasiokula kitu cha mnyama imo kwenye orodha ya makatazo, ingawa nimekutana na wengi wanaojisamehe hapo. Nunua badala yake matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Vinakaa miezi, havinuki, na kipande kimoja hukutafunisha kutoka stesheni hadi stesheni.

Kwa mwenyeji: mwili wako

Mgeni wa wiki moja aruke hapa. Anayeishi hivi mwaka hadi mwaka anahitaji vitamini B12, ambayo mimea haina. Mtu mzima huhitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku, na njia za uhakika ni vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo kiwandani. Usisikilize anayekwambia mawese yanatosha. Upungufu wake huja polepole, ganzi miguuni, uchovu, kusahau, na mtu hudhani ni uzee. Zungumza na mfamasia au daktari, mwambie wazi jinsi unavyokula.

Madini ya chuma utayapata kwenye maharage na majani, lakini chai ukiinywa juu ya chakula huyazuia. Kamulia ndimu kwenye mboga, chai ngoja saa moja. Mjamzito au anayenyonyesha asijaribu mambo haya kwa kusoma tu, aende kliniki kwanza.

Shughuli za watu

Harusini na msibani huwezi kumhoji mpishi mwenye masufuria manane na moshi machoni. Kula kabla ya kwenda. Ukifika, chukua kachumbari, tikiti na ndizi, na kama upo ukoo wenu, jitolee kuwa miongoni mwa wanaomenya viazi na kuchambua mchele. Ukikaa jikoni utajua kila sufuria ilivyoungwa, na hakuna anayemuuliza mtu wa jikoni kwa nini hali. Kukataa sahani mbele ya mwenye msiba ni kosa kubwa kuliko chochote nilichoandika hapa. Ipokee kwa mikono miwili, kaa karibu na watoto, itajiisha yenyewe.

Ukikuta dagaa kwenye sahani

Itatokea. Umeuliza vizuri, umejibiwa vizuri, na katikati ya kisamvu kuna jicho linakutazama. Usipige kelele, usimwite mama mbele ya wateja wake. Mara nyingi ni upawa umetoka sufuria ya jirani. Kama hujashika chakula, mrudishie kwa sauti ya chini umwombe ugali na maharage. Kama umeshaanza, lipa, na ukitoka mwambie pembeni: "Mama, leo dagaa walipita kwangu." Atacheka, ataomba radhi, na kesho atakuwa makini kuliko mtu yeyote mjini.

Na sahani yenyewe usiiache imwagwe. Pale ninapokula Mwanga kuna mzee fundi viatu ambaye siku moja nilimsogezea ya kwangu. Tangu siku hiyo, nikiagiza kisamvu, huacha alichokuwa anafanya, huvuta kiti karibu na meza yangu, na hunitazama nikichunguza tonge la kwanza.